Mgongo wa Mama Plamedie Ulipohamia Ukutani

Mama Plamedie aliinama kuokota kifuniko cha sufuria, akabaki ameinama. Ilikuwa asubuhi ya kawaida katika kambi ya Panda, makazi ya zamani ya wafanyakazi wa mgodi huko Likasi: mbabula, jiko la makala, yaani makaa, imeshika moto, chai inaanza kutokota, redio ya jirani inasoma matangazo ya vifo. Alijaribu kuinukia upande wa kulia, mgongo ukakataa. Akajaribu upande wa kushoto, ukakataa vilevile. Basi akazungumza na watu wa nyumba yake akiwa hivyo hivyo, uso chini, kama mtu anayetafuta sindano.

"Plamedie, toa chai ku moto."

Binti yake aliipua chai, akamlaza mtoto wake, Carmel, kitandani, akaja kumsaidia mama yake kuketi. Alikuwa amekwisha kuvaa kwenda kwa masista, ambako alijifunza kushona. Sasa akavua viatu.

"Mama, leo minye njo nitaenda kuosha mawe. Weye ubakie na Carmel."

"Mu ile maji hautaingia. Si minye nikiwa muzima. Vaa viatu yako, uende kushona."

Alisema kwa ukali kwa sababu aliogopa. Mengine yote ya dunia hii alikuwa ameyakubali: mume aliyekwenda kutafuta kazi Kolwezi akapata kazi na mke mwingine, mjukuu aliyekuja bila baba, umeme unaokuja ukipenda. Lakini Plamedie kuingia katika kijito kile, hilo hapana. Alikuwa ameliapia siku binti yake alipoanza shule.

Wala maumivu yale hayakuwa ya kurogwa, na hakuzaliwa nayo. Kila mtu pale kambini alijua yalikotoka. Mama Plamedie alikuwa anaosha mawe kwenye kijito kinachopita nyuma ya ukuta wa Kampuni. Kampuni yenyewe ilikuwa imebadilisha jina mara nyingi hata watu wakachoka kujifunza. Walisema Kampuni, wakaelewana. Wachimbaji walileta magunia kutoka mashimo ya upande wa Kambove na Kakanda. Wanawake waliingia majini hadi magotini, wakainama, wakachekecha. Udongo ukaenda na maji, mawe ya kijani, yale ya shaba, yakabaki. Jioni alikuja mnunuzi, Clovis, na lori lake. Alipakia magunia, akauzunguka ukuta, akaingia nayo kwenye lango la Kampuni. Ni mzunguko mfupi sana, hata dereva habadilishi gia. Lakini kwa mzunguko huo wanawake waliacha kuwa watu wa Kampuni wakawa watu wa Clovis. Na Clovis, ukimuuliza, alisema yeye hana watu, ana lori.

Siku mgongo ulipomwachia kidogo, Mama Plamedie alikwenda kwenye zahanati ya Kampuni, pale karibu na lango. Dokta Michel alimpokea vizuri. Alikuwa mtu wa adabu, mwenye mikono safi, na alimvutia kiti.

"Mama anafanya kazi kitengo gani?"

"Hapa nyuma ya ukuta, dokta."

"Nyuma ya ukuta si hapa, mama."

Hata hivyo alimsikiliza. Hakumgusa, kwa sababu kumgusa mtu asiye wa Kampuni kulikuwa na matatizo yake, lakini alimsikiliza mpaka mwisho na kutikisa kichwa kwa huruma. Kisha akasema, "C'est l'âge, mama. Ni umri. Usipende kuinama."

Mama Plamedie alikuwa hajafika miaka hamsini. Alishukuru, akatoka, akateremka hadi kijitoni akiwa na hasira.

"Anasema nisiiname!" alimwambia Mayimuna. "Nani anaosha mawe amesimama? Twiga?"

Mayimuna alicheka hadi chekecheo ikamponyoka. Yeye na Mama Plamedie walikuwa wameinama pamoja miaka mingi, bega kwa bega. Wazee wake Mayimuna walitoka Kasongo na biashara ya nguo. Biashara ikafa, wakabaki watu. Kwake yeye maumivu yalikaa magotini, na wakati wa sala alikuwa anaketi kwenye kiti kidogo cha plastiki, jambo lililomtia aibu mbele ya wakwe.

Kiangazi cha huko ni majira makavu yenye baridi, na mwaka huo baridi ilikuwa kali. Mama Plamedie alishinda nyumbani siku kadhaa, mgongo umekaza, na kwa kuwa hakuzoea kukaa bure, akakumbuka kazi ya wanawake wa kijiji cha mama yake, mbele ya Kambove. Huko, mahindi yakishavunwa, wanawake hukwangua kuta, huzikandika upya, kisha huchora kwa vidole yale ambayo mwaka umeingiza nyumbani. Mwaka umeleta mtoto, wanachora mtoto. Umeleta panya, wanachora panya. Mama yake alimwambia kwamba kitu kikishachorwa nje, hakina tena sababu ya kulala ndani. Mvua ikija inakisafisha, na mwaka mwingine unaanza.

Alipata udongo mwekundu wa kichuguu, udongo mweupe wa pemba, makala ya kusaga, na uji mwepesi wa muhogo wa kushikisha rangi. Lakini alifanya kosa ambalo mama yake angemchapa kwa ajili yake. Nje kulikuwa na upepo na vumbi la malori, udongo mbichi ungenasa taka zote za barabara. Akachora ndani, kwenye ukuta wa chumba cha kulala.

Mwaka ulikuwa umeingiza nini? Mgongo. Basi akachora mgongo. Alivuta mstari mwekundu mrefu kutoka juu hadi chini, akapanga mawe kando yake, moja moja, kila jiwe mahali linapouma. Kiunoni alizungusha makala, akazungusha tena, mpaka pakawa peusi kama pale panapouma kweli. Alipokuwa anachora alisahau kwamba anaumwa. Halafu, alipotia nukta ya mwisho ya pemba, maumivu yakamtoka kiunoni kama abiria anayeshuka kituoni kwake, yakaingia ukutani.

Alisimama wima. Alibeba ndoo ya maji kichwani, akaiteremsha, akaibeba tena kwa kupenda tu. Halafu akakaa kwenye ndoo iliyopinduliwa, akalia kwa furaha.

Plamedie aliporudi kutoka kwa masista alimkuta anapiga deki.

"Mugongo, mama?"

"Iko mu chumba."

Plamedie aliingia kuutazama. Alisema umechorwa vizuri, ila makala yamezidi.

Shida ilianza mtoto alipolazwa kupumzika. Kitanda kiligusa ukuta, na Carmel, ambaye hata meno hakuwa nayo, alianza kuguna kama bibi kizee anayepanda ngazi. Wakamsogeza katikati ya kitanda, akanyamaza. Wakamrudisha, akaguna. Plamedie akaegemea ukuta mwenyewe ili kuhakikisha, na kiuno chake kikakamatwa papo hapo.

"Mama," alisema baada ya kupata pumzi, "ni hii njo unabebaka kila siku?"

"Njo hii."

Plamedie alitoka nje, akakaa kwenye ngazi, akalia. Alikuwa amefikiri miaka yote kwamba mama yake anatia chumvi.

Nyumba yenyewe ilikuwa na chumba kimoja cha kulala. Mama Plamedie alichukua kisu, akakwangua ukuta, na udongo wa mwisho ulipoanguka sakafuni maumivu yakamrudia yote, bila kupungua. Alilia tena, na safari hii haikuwa furaha.

"Nyumba yako iko na bantu," Mayimuna alimwambia kijitoni. "Tafuta ukuta haina muntu."

Alitafuta. Alijaribu mwamba, lakini mwamba haukupokea. Alijaribu karakana ya zamani iliyobaki bila paa, ile ambamo babu za watu wa kambi walifanya kazi. Alipoweka kiganja tu akakiondoa: ukuta ulikuwa umejaa. Ulikuwa na vifua vya watu, mikono, macho yaliyoungua, vyote vimebanana humo tangu zamani, na hapakuwa na nafasi hata ya kidole. Aliomba radhi, akaondoka.

Ukabaki ukuta wa Kampuni. Upande wa mbele ulikuwa na maandishi na waya, lakini upande wa nyuma, unaotazama kijito, ulikuwa mtupu na mrefu.

"Ule," alisema Mayimuna, akiuonyesha kwa kidevu. "Ule hakuna muntu anaupenda."

Jumapili baada ya misa, Mama Plamedie alipanda ukingo na ndoo zake. Mlinzi, Jeancy, alikuwa amekaa kwenye kiti chake amejifunika koti.

"Mama, unafanya nini pale?"

"Niko nakandika."

Jeancy alielewa. Nyanya yake naye alikuwa mtu wa kukandika. Akasogeza kiti ili mama apate nafasi, akamwambia tu asiguse kibao cha chuma kilichopigiliwa kwenye kona, kwa kuwa kibao hicho kilikuwa na namba ya Kampuni.

Alichora polepole, kama mara ya kwanza, na hakupunguza makala. Maumivu yakaingia ukutani, yakakaa. Jumatatu alikuwa majini kabla ya wengine, akichekecha na kuimba, na Plamedie alikuwa kwa masista akijifunza kukata kola. Jioni alimfunga Carmel mgongoni, akatembea naye hadi sokoni na kurudi bila haja yoyote ya kwenda sokoni.

Jumapili iliyofuata Mayimuna alipeleka magoti yake. Aliyachora mawili, makubwa, mekundu, yameketi kama mafiga. Usiku huo aliswali amesimama, akasujudu, akainuka, na mume wake akauliza kiti kiko wapi. Halafu wengine wakaja: mwenye shingo, mwenye bega, mwenye vidole ambavyo havikunjiki tena. Ukuta ukapendeza. Watu waliotoka Likasi mjini walisimama kupiga picha, lakini hawakuegemea zaidi ya mara moja.

Aliyeumia kwanza ni Jeancy, maskini. Alikuwa na tabia ya kulaza kiti chake kwenye ukuta. Kwa bahati mbaya alikilaza penye mgongo wa Mama Plamedie, na kuanzia hapo akawa anazunguka lindo akitazama chini. Wa zamu ya pili alipata magoti ya Mayimuna, akakataa kupanda ngazi. Mlinzi anayetazama chini haoni wezi. Kampuni ikaona hasara, na Kampuni ikiona hasara haichelewi.

Walikuja alasiri moja, mkurugenzi mmoja mwenye kofia nyeupe na Dokta Michel. Wanawake walikuwa majini, chini yao kidogo, wakasikia kila kitu. Dokta Michel aliweka kiganja juu ya ukuta. Kisha akavua koti, akageuka, akaegemeza mgongo. Rangi ilimtoka usoni. Alikaa hivyo kwa muda, akipumua kwa mdomo, na alipojiondoa alishika goti lake ili asianguke.

"Huu ni ugonjwa wa kazi," alisema. "Hakuna ubishi. Miaka mingi ya kuinama katika maji baridi. Umeharibika vibaya sana, sijui umevumilia vipi."

"Ukuta hauinami," alisema mkurugenzi.

"Mimi natibu, sichunguzi. Je, ni mali ya Kampuni?"

Mkurugenzi aliangalia kibao cha kona. Namba ilikuwepo.

"Ni wetu."

"Basi ukuta una haki ya kutibiwa. Mapumziko kamili, kivuli, dawa ya kuchua asubuhi na jioni. Malori yapite mbali. Na mtu yeyote asiuongezee mzigo."

Hapo Mama Plamedie alishindwa kujizuia. Alisimama wima katikati ya maji, chekecheo mkononi, akapaza sauti.

"Dokta! Ile ni mugongo yangu!"

Dokta Michel alichungulia chini. Alimkumbuka, akamsalimu kwa jina.

"Mama, mgongo wako ulikuwa nao tulipoonana. Huu uko ukutani."

"Ni minye niliuweka."

"Sasa wewe hapo ulipo, unaumwa?"

Mama Plamedie alijipima. Hakuweza kusema uongo.

"Hapana, dokta. Kwa sasa siumwi."

"Basi tumshukuru Mungu," alisema Dokta Michel, na alikuwa anamaanisha. Aliufuata ukuta kurudi langoni akiwa ameinama kidogo.

Mayimuna alisema, "Ungesema unaumwa." Mama Plamedie alisema hata angesema, si angeambiwa ni umri? Wote wawili wakaendelea kuchekecha, kwa sababu lori la Clovis lilikuwa limeshasikika.

Kampuni ilifanya kazi nzuri, lazima tuseme. Ilijenga paa la mabati juu ya ukuta ili mvua isiuguse. Iliweka uzio mdogo, mkeka, na pazia la kuzuia jua la saa sita. Iliajiri nesi, Emmanuella, binti mpole aliyesoma Lubumbashi, na kazi yake ilikuwa kuuchua ukuta kwa dawa yenye harufu ya kafuri. Hakuuita ukuta. Aliuita mgonjwa. Jeancy alipewa kituo kingine, mgongo wake ukamwachia. Jumapili mchana watu waliruhusiwa kutembelea, na wanawake walikwenda, wamevaa vizuri, wakasimama nje ya uzio kuangalia viungo vyao.

"Magoti yangu inapakwa mafuta," alisema Mayimuna. "Minye mwenyewe, nani ananipaka?" Alikuwa anatania, lakini macho yalikuwa na machozi.

Mayimuna alisema hivyo kwa kuwa maumivu yalikuwa yameanza upya. Nani alifikiri hayataanza? Maji yalikuwa yale yale, magunia yale yale. Mvua za kwanza zilipoanguka kijito kilijaa, na Mama Plamedie alihisi jiwe moja kiunoni, kisha la pili. Maumivu ya zamani yalikuwa salama chini ya mabati. Haya yalikuwa mapya, ya msimu huu. Alificha. Alikuwa anaweka kifuniko cha sufuria mahali pa juu ili asikiokote. Plamedie aliona, akaanza kukishusha mwenyewe. Halafu siku moja Mama Plamedie alijaribu kutoka kitandani, miguu ikateremka, kiwiliwili kikabaki.

Nyumbani hapakuwa na unga. Plamedie alisimama mlangoni, akavua viatu vyake vya kwenda kwa masista, akavipanga chini ya kitanda. Mama yake alimtazama. Alitafuta yale maneno ya kiapo chake, na alikuwa nayo yote, lakini mtoto alikuwa analia njaa.

"Nitakuja na weye," alisema.

Walichukua muda mrefu kufika. Plamedie alimfunga Carmel kifuani, kwa mkono mmoja akamshika mama yake. Kabla ya kuteremka majini, Mama Plamedie aliomba wapitie juu, kwenye ukuta. Alikuwa na pemba kidogo ndani ya kikopo, na makala.

Emmanuella alikuwa katikati ya kazi. Mikono yake ilikuwa inapanda na kushuka juu ya ule mstari mwekundu, taratibu, kutoka kiunoni hadi shingoni.

"Binti yangu," alisema Mama Plamedie, "naomba nafasi kidogo. Hapa pembeni, karibu na chini. Haitaonekana."

"Hapana, mama. Dokta alikataza."

"Ni ya leo tu. Niruhusu, mutoto wangu asiingie mu maji."

Emmanuella alisikitika kweli. Hakuwa mtu mbaya. Aliutazama ukuta, akamtazama Mama Plamedie aliyepinda mbele yake, akapangusa mikono kwa kitambaa.

"Mama, umuache mgonjwa apumzike," alisema kwa sauti ya chini. "Amefanya kazi sana."

Mama Plamedie alisogea karibu na uzio. Kivuli kilikuwa kizuri pale chini ya mabati, na hewa ilinukia kafuri. Aliuangalia mgongo wake. Rangi nyeusi ya kiunoni ilikuwa imeanza kufifia, na mawe, aliona wazi, hayakuwa makali kama alivyoyachora. Umepata nafuu, mgongo ule. Alifurahi kwa ajili yake, na papo hapo akauonea wivu.

"Ni kweli," alisema. "Anaonekana vizuri."

Wakateremka. Mayimuna alishasogea, akaacha nafasi kando yake. Mama Plamedie alikaa ukingoni na Carmel mapajani, akamwonyesha binti yake mahali pa kuingilia.

"Pale ku changarawe, si ku matope. Tandaza miguu. Chekecheo ikae karibu na tumbo."

Plamedie alitandaza miguu. Maji yalikuwa baridi, akauma mdomo.

"Sasa inama," alisema mama yake. "Polepole."

Plamedie aliinama, na Mayimuna akammiminia gunia la kwanza.